Kumpenda Jirani kwa Vitendo: Mwongozo kwa Mkristo wa Mwanza na Mialo ya Ziwa

Wingu likitanda ghafla juu ya mwalo, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, huku dagaa wameanikwa, hakuna anayepata nafasi ya kujiuliza kama anampenda aliye pembeni yake. Kila mmoja anakimbilia dagaa wake: huyu anafagia, yule anajaza ndoo, mwingine anavuta turubai. Anayemaliza wa kwake hakai chini. Anahamia kwa mwenzake aliyempeleka mtoto kliniki, anamwanulia, anafunika, anaweka jiwe juu ya turubai ili upepo usilifunue. Mwenye mali akirudi anakuta kazi imekwisha. Dagaa walionyeshewa hushuka bei hadi kuishia kwenye chakula cha kuku, kwa hiyo kilichookolewa pale ni ada ya shule, au kodi ya chumba, au marejesho ya mkopo. Na huenda wawili hao hata hawasalimiani vizuri. Juzi tu waligombania mahali pa kuanikia.

Upendo wa namna hiyo ndio ninaouzungumzia hapa: kumfanyia mwenzako jambo linalomfaa, kwa saa linapomfaa, moyo uwe umechangamka au umenuna. Yesu alisema, “Amri mpya nawapa, Mpendane. Kama vile nilivyowapenda ninyi, nanyi mpendane vivyo hivyo” (Yohana 13:34). Ni amri, na mtu huamriwa mambo anayoweza kuyaamua. Tena aliitoa jioni ileile aliyowaosha miguu wanafunzi wake, Yuda akiwa miongoni mwao, na alikuwa anajua Yuda anakwenda kufanya nini.

Sura ya kumi na tatu ya Wakorintho wa Kwanza tumezoea kuisikia kwenye harusi, bwana na bibi arusi wameshikana mikono. Paulo hakuwaandikia maharusi. Aliwaandikia washirika waliokuwa wakishtakiana mahakamani, na ambao kwenye chakula cha Bwana “huyu ana njaa, na huyu amelewa.” Ukiisoma ukiwa na ugomvi na mtu, ndipo utaona makali yake. Isome basi ukiwa hivyo, kisha uanze.

Hatua ya kwanza: andika majina matatu

Kupenda “watu” ni rahisi, kwa sababu “watu” hawafungulii muziki usiku wa manane. Chukua karatasi uandike majina matatu tu: mmoja wa ndani ya nyumba yako, mmoja wa jirani, na mmoja ambaye ukimwona anakuja unavuka barabara.

Usiruke la kwanza. Wapo wanaosifiwa jumuiya nzima kwa upole, lakini dada wa kazi nyumbani anakula ukoko na kulala wa mwisho, na mshahara wake ni hadi akumbushe. Kama jina la ndani ya nyumba ni la huyo dada, kazi yako inajulikana: ale chakula mnachokula, alipwe tarehe mliyokubaliana, apate siku ya kupumzika na ruhusa ya kwenda kanisani kwake au msikitini kwake. Ukishindwa hapo, hatua zinazofuata zitakuwa maigizo. “Kwa maana asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona, hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona,” anasema Yohana, na dada wa kazi unamwona kila asubuhi.

Jirani naye usimtafute mbali. Nyumba nyingi za kupanga za Mabatini, Igogo au Nyakato vyumba vinatazamana, choo ni kimoja na LUKU ni moja. Hiyo LUKU imevunja urafiki mwingi kuliko mahubiri yalivyowahi kuujenga. Kama wewe ndiye mwenye friji na pasi, na mwenzako ana taa moja na chaji ya simu, usisubiri alalamike. Mwambie wewe mwanzo: “Mimi natumia zaidi, mwezi huu wewe toa kiasi hiki, nyingine naongeza mimi.” Dakika mbili, na ukuta mliokuwa mmejenga kati yenu unapungua matofali.

Jina la tatu liandike halafu liache. Tutalifikia.

Hatua ya pili: jua ratiba yake kabla ya kujua shida yake

Hapa ndipo wengi tunakosea, kwa sababu tunakimbilia kusaidia tusichokijua. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa mwanga. Zamani ulikuwa wa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuvuta, na mitumbwi mingi inapumzika. Maana yake nyumba ya mvuvi ina siku za pesa na siku za ukame, na siku hizo unaweza kuzisoma ukitazama juu. Ukienda kumdai wakati wa mbalamwezi unamfanya akudanganye bure. Ukipeleka kilo mbili za unga siku hizohizo, umefika penyewe.

Kila kazi ina mwezi wake. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu hushika pesa msimu wa ununuzi. Mwalimu ana mwisho wa mwezi, na ana tarehe kumi na tisa, ambayo ni ndefu. Mama lishe anaamka saa kumi alfajiri. Ukimpigia hodi saa tatu usiku ukaimbe naye tenzi, hujamtembelea, umemwibia usingizi. Mjane anayekaa juu kule kwenye mawe, ambako maji hayapandi, anahesabu siku kwa ndoo: leo kapata mtoto wa kumpandishia, kesho hana.

Utajuaje? Salimia kwa kutulia. Mzee wa Kisukuma ukimwamkia “mwangaluka” asubuhi halafu ukasimama badala ya kupita, atakueleza mwenyewe habari za mji wake, kuanzia ng’ombe hadi goti linalomuuma. Halafu tumia macho: jiko lisilotoa moshi saa ya kupika, mtoto aliye nyumbani siku ya shule, taa iliyozimika siku ya tatu wakati vyumba vingine vinawaka.

Na usiulize “Nikusaidie nini?” Kwetu jibu la swali hilo linajulikana: “Aa, usijali, tupo tu, Mungu anasaidia.” Weka vitu viwili mezani achague: “Kesho niwachukue watoto shuleni, au nikuletee chakula cha mchana?” Mtu anaona haya kuomba, lakini kuchagua hakumwaibishi.

Hatua ya tatu: karibia, halafu toa kinachofaa

Kwenye mfano wa Msamaria (Luka 10:25–37) kuhani alimwona majeruhi. Mlawi alimwona. Msamaria naye alimwona, ila yeye “akakaribia.” Kuanzia hapo Luka anataja vitu vya mkononi tu: mafuta, divai, jeraha zilizofungwa, mnyama wa kupanda, nyumba ya wageni, usiku mmoja wa kuuguza, na dinari mbili, ambazo kwa hesabu ya Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku mbili. Hakuna hotuba. Hatusikii hata kama aliomba kwa sauti.

Kwa Mwanza mahali pa kulifanyia mazoezi hili ni Bugando. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa hiyo wagonjwa wanaletwa kutoka Kagera, Geita, Mara, Simiyu na Shinyanga, na wanaowauguza hawana ndugu mjini. Mgonjwa ana kitanda. Anayemuuguza mara nyingi hana: anajiegesha kwenye benchi, ananunua chai ya kupimiwa, anafua kanga usiku na kuivaa kabla haijakauka. Tunaokwenda “kuona wagonjwa” huwa tunamsahau kabisa.

Ukienda, nenda saa iliyopangwa ya kuona wagonjwa, wawili au watatu; kwaya nzima ibaki nyumbani. Beba chupa ya uji, sabuni ya kipande, dawa ya mswaki, kanga moja iliyotumika lakini safi, na vocha. Ombeni kwa sauti ya chini, kwa ufupi, na kwa ruhusa ya mgonjwa, maana kitanda cha pili kuna mtu ambaye dripu imemnyima usingizi usiku kucha. Kisha mgeukie anayeuguza, umwambie: “Mama, mimi nakaa naye hapa hadi saa kumi. Nenda kaoge nyumbani kwetu, ulale kidogo; huyu binti atakupeleka.” Muulize muuguzi kwanza kama inaruhusiwa wewe kubaki. Hayo masaa machache ya usingizi hakuna sadaka ya bahasha inayoyafikia.

Usimuulize mgonjwa ugonjwa wake ulianzaje. Usimweleze habari za shangazi yako aliyekuwa na dalili hizohizo.

Kuhusu picha: sielewi tulifikaje mahali ambapo mfuko wa unga hauwezi kukabidhiwa bila watu sita kuushika na mmoja kupiga picha. Mwenye njaa anatabasamu kwa sababu ameambiwa atabasamu, na kesho mwanaye anaiona picha kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Peleka jioni, mfuko umefungwa, mkabidhi mtu mzima wa nyumba wala si mtoto, mzungumze habari nyingine, uondoke. Kama kanisa linahitaji kumbukumbu za matumizi, daftari na sahihi vinatosha.

Pesa zina ugumu wake. Jirani akikujia kukopa, amua kabla ya kufungua pochi: hii ni zawadi, au ni mkopo? “Tendeni mema, na kukopesha msitumaini kupata malipo,” kwa hiyo toa kiasi ambacho kisiporudi bado mtaweza kusalimiana. Elfu kumi ya zawadi ni bora kuliko laki moja ya mkopo itakayokufanya umchunguze kila akinunua nyama. Ila kama unajua anayeomba amezungukwa na wale wa kausha damu, wanaomfuata hadi kwenye meza yake ya biashara na kubeba sufuria, kumpa elfu kumi ni kumrushia mbwa mfupa. Kaa naye na daftari. Andikeni anadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Nendeni pamoja kwa mkopeshaji mkaombe kupunguziwa rejesho la wiki. Mtu wa pili akiwepo, maneno hupungua ukali. Kisha mtafutie nafasi kwenye kikoba cha watu mnaowafahamu, ili mara nyingine asirudi kulekule.

Msiba nitaugusa kwa kifupi kwa sababu watu wa Mwanza kwenye msiba hatufundishwi: turubai litafungwa, michango itapita, masufuria yatakuja. Shida inaanza turubai likishafunguliwa. Weka alama kwenye kalenda, wiki ya tatu na mwezi wa tatu, uende na kitu cha kupika. Na kama aliyepotea amepotelea ziwani na mwili haujaonekana, usiwe miongoni mwa wanaouliza kila siku “Kuna habari?” Familia ile ingekuwa na habari ungeshasikia. Kaa nao, osha vyombo. Ziwa hili limeutoa mji mzima machozi mara mbili katika kumbukumbu zetu, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na nchi nzima ilisimama. Mtumbwi wa watu wanne ukizama hausimamishi nchi, kwa hiyo ni juu ya mtaa.

Hatua ya nne: vuka ua wa dini

Msamaria hakuwa wa kanisa la majeruhi. Wayahudi na Wasamaria walibishana hata juu ya mlima wa kuabudia, na Yesu, akijua hivyo, akamchagua huyo awe mfano. Sisi wenyewe Kanda ya Ziwa tunajua ugomvi wa dini unavyoweza kuanzia jikoni: mapema mwaka 2013 mzozo wa nani achinje uliwaka Buseresere, mkoani Geita, hadi mchungaji akauawa.

Kwa hiyo ukimwalika jirani Mwislamu Krismasi au ubatizo wa mtoto, usimwache aje akae na soda mkononi akisingizia ameshiba. Siku moja kabla, mpelekee kuku akiwa hai: “Baba, naomba utuchinjie, kesho mnakula kwetu.” Sufuria iwe safi, isiyopikiwa kitimoto, na umwambie hivyo asipate shaka. Ramadhani ikifika, usipike samaki wa kukaanga dirishani kwake saa tisa alasiri kama unaweza kupika ndani. Idi akikuletea pilau, kula, na sahani isirudi tupu.

Je, humhubirii? Akiuliza tumaini lako, mjibu. Lakini ukimsaidia kwa sababu unamwinda, atajua. Watu wanajua.

Hatua ya tano: nenda kwa yule wa jina la tatu

Sasa chukua karatasi yako. “Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu” (Mathayo 18:15). Peke yenu maana yake hakuna kundi la WhatsApp la kwaya, hakuna “nimesikia kuna watu wanasema,” hakuna kumtumia ujumbe wa Biblia kwenye status akijua ni yeye.

Anza kwa kumwombea, na umwombee kitu chenye jina. “Bwana, mbariki” ni nyepesi mno, inaweza kupita juu ya chuki bila kuigusa. Sema: dagaa wake wakauke, mwanaye afaulu, mguu wake upone. Mara ya kwanza utayasema kwa meno yaliyokazwa. Endelea kwa wiki nzima. Kisha chagua saa ambayo hana wateja wala hana njaa, uende.

Tuseme ni mpangaji mwenzako, ugomvi wenyewe wa bombani. Inaweza kwenda hivi:

“Hodi, dada.”

“Karibu.”

“Asante, sikai. Nimekuja tuongee wawili tu. Jumamosi pale bombani ulisema mwanangu ni mwizi, na watu walikuwepo. Iliniuma. Nikaona nikwambie mwenyewe kabla sijamwambia mtu.”

“Kwani hajaiba?”

“Sijui, dada. Niambie ulichokiona.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu huenda alichokiona ni kweli. Ikiwa ni kweli, mwite mtoto, arudishe, na umshukuru jirani. Ikiwa si kweli, umempa nafasi ya kujirekebisha bila watazamaji, na hiyo ni heshima ambayo yeye hakukupa. Usiseme “wewe siku zote.” Usiseme “hata fulani analalamika juu yako.” Usilie kwa makusudi.

Akikataa kabisa, rudi na mtu mmoja au wawili wenye busara, kama Mathayo anavyoendelea kusema. Mtaani anaweza kuwa mzee wa kanisa, mama mwenye nyumba, au balozi wa nyumba kumi. Baada ya hapo msalimie kila siku, ajibu asijibu. Salamu haina gharama na haihitaji ruhusa yake.

Kusamehe hakufuti taarifa. Aliyekukatia nyavu zako usiku, au aliyekuibia mashine ya mtumbwi, unaweza kumsamehe leo na kesho ukaenda kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, na polisi, ili asiwaibie wengine. Upendo “hauhesabu mabaya,” maana yake huyaweki kwenye daftari la kumlipizia. Wala “haufurahii udhalimu,” na hilo nalo Paulo aliliandika kwenye mstari wa jirani yake.

Hatua ya sita: simama na anayeogopwa

Mwongozo wa upendo unaoandikwa Kanda ya Ziwa ukilikwepa hili, umepita upande wa pili wa barabara pamoja na kuhani. Kwa miaka mingi Usukumani bibi vizee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na “ushahidi” mara nyingi umekuwa macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi: kuni mbichi na samadi iliyokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini. Kisha mwishoni mwa miaka ya 2000 yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, kwa tamaa ya viungo vyao, na kanda yetu ndiyo iliyotajwa sana. Wauaji wengine walikuwa na majirani waliokuwa wanasali.

Upendo hapa unaanzia kwenye maneno, maana mauaji huanza na stori. Bombani au kijiweni mtu akisema “yule bibi siyo bure, wajukuu wanakufa,” usiondoke kimya. Uliza kwa upole, mbele ya wote: “Mtoto alikufa na nini? Hospitali walisema nini?” Mara nyingi jibu ni malaria au kuharisha. Ukisikia mipango, siyo umbea tena. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na polisi siku hiyohiyo, usingoje ibada ya Jumapili ndipo uombe.

Kisha nenda kwake mchana, watu wakuone. Kaa kwenye kigoda chake, kula chakula chake. Kijiji kikimwona mke wa mchungaji au katekista anakula kwa bibi, habari inatembea yenyewe. Vijana wa kanisa watumie Jumamosi moja kumtobolea dirisha jikoni na kumjengea jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Wamletee kuni kavu. Wampeleke kliniki ya macho. Ni kazi ya mikono ya siku moja, nayo inaondoa kile hasa alichokuwa anashtakiwa nacho.

Kwa mtoto mwenye ualbino mambo ni mahususi vilevile. Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, mafuta maalumu ya kukinga jua, maana jua letu la ziwani linampa vidonda ambavyo vinaweza kuwa saratani ya ngozi. Kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, mwalimu amkalishe mbele, na mwalimu huenda hajui hadi mzazi au wewe umweleze. Panga watoto wa mtaa watembee naye kwenda na kurudi shule. Shule ya Jumapili apewe nafasi ya kusoma somo, aonekane, ajulikane jina. Michezo ya watoto ipangwe kivulini. Na ukiona kidonda kisichopona, usipendekeze mafuta ya dukani, mpelekeni hospitali.

Hatua ya saba: weka kiasi

Watu hawapendi kusikia hatua hii, hasa akina mama wa kanisa, ambao wamefundishwa kwamba upendo hauna mwisho na wao ndio wa kuulipia.

Turudi kwa Msamaria. Alilala pale usiku mmoja. Asubuhi akatoa dinari mbili, akamwachia mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi, akaendelea na safari yake. Hakumbeba majeruhi mgongoni hadi Yeriko. Alimshirikisha mtu mwingine ambaye kazi yake ilikuwa hiyo, na alilipa.

Anayepigwa na mumewe hatakiwi kuambiwa “huvumilia yote.” Mstari huo aliandikiwa mwenye kupenda ajipime, haukuandikwa uwe kamba ya kumfungia aliyejeruhiwa. Mpe mahali pa kulala, mlinde, msindikize dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na mzee wa kanisa anayetaka kusuluhisha aambiwe asubiri hadi majeraha yatibiwe. Bosi au mwenye mtumbwi anayempa binti samaki wa kuuza kwa sharti la kulala naye naye asikingwe kwa jina la amani. Binti huyo anahitaji mtaji mdogo na akina mama watakaokwenda naye mwaloni.

Mlevi anayeomba pesa kila jioni, mnunulie ugali mle pamoja. Akikataa ugali, umepata jibu lako bila ugomvi.

Na ukichoka, sema umechoka. Jumuiya yenye nyumba kumi na tano haiwezi kumwachia mama mmoja kumpandishia bibi maji kila siku hadi yeye mwenyewe aanze kuumwa mgongo. Kwenye mkutano ujao, kabla ya tangazo la michango, itoe hoja: nani Jumatatu, nani Jumatano, nani Ijumaa, na nani atashika zamu ya atakayesafiri. Andikeni majina, mbandike mlangoni kwa mwenyekiti. Vijana wapewe ndoo kubwa na watu wazima ndogo, na yule mwenye bodaboda abebe madumu hadi pikipiki inapoishia, chini ya mawe, ambapo mwingine atayapokea.